Jamu yako ya kwanza ukiwa Tanga: plamsi, mapera, machungwa, nanasi au embe?

Anayetaka kupika jamu Tanga hana shida ya matunda. Machungwa yanashuka kutoka Muheza, plamsi na pichi zinatoka Lushoto, maembe yamo karibu kila ua, na ukipita barabara ya Msata kwenda Bagamoyo utakuta nanasi za Kiwangwa zimepangwa kandokando. Shida huanzia kwenye kuchagua. Wengi huanza na tunda tamu kuliko yote walilonalo, embe lililoiva hadi kulainika au nanasi linalonukia tangu mlangoni, wanakoroga saa nzima, mwisho wanapata sharubati nzito ya rangi ya kahawia inayomwagika kwenye mkate.

Utamu wa tunda usikushughulishe sana, maana sukari utaitia mwenyewe. Tunda la jamu huangaliwa pektini yake na uchachu wake. Pektini imo ndani ya tunda lenyewe, hasa kwenye ganda, kwenye ile nyama nyeupe chini ya ganda na kuzunguka mbegu. Ndiyo inayoigandisha jamu. Lakini haigandi peke yake: inataka sukari nyingi, takriban asilimia 65 ya uzito wa jamu iliyoiva, na inataka uchachu. Ukikosa kimoja kati ya hivyo vitatu, hata ukoroge mpaka mkono uchoke, jamu haitashika. Na tunda linavyozidi kuiva ndivyo pektini yake inavyovunjika, kwa hiyo kwa tunda lolote utakalochagua, robo tatu ziwe zimeiva vizuri na robo ziwe bado zina ubichi.

Kwa kifupi matunda yetu yanasimama hivi:

| Tunda | Pektini | Uchachu | Sukari kwa kilo 1 | Muda jikoni |
|---|---|---|---|---|
| Plamsi | nyingi | mkali | kilo 1 | dakika 45 |
| Mapera | nyingi | wa wastani | gramu 900 kwa kilo ya rojo lililochujwa | saa 1 na robo |
| Machungwa | nyingi, kwenye ganda na mbegu | mdogo | kilo 1 na robo kwa kilo ya machungwa mazima | saa 2 na nusu, baada ya kulowekwa usiku |
| Nanasi | kidogo | wa wastani | gramu 750 | saa 1 |
| Embe | kidogo likiiva, zaidi likiwa bichi | mdogo likiiva | gramu 700 | saa 1 |
| Pasheni | kidogo kwenye maji, nyingi kwenye ganda | mkali | uzito sawa na tunda | saa 1 na nusu |

Plamsi au mapera

Plamsi zikiwa sokoni, yaani kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa pili, anza nazo bila kusita. Zina kila kitu: pektini, uchachu na rangi. Kata vipande, tia robo lita ya maji kwa kilo moja, chemsha taratibu dakika 20 hadi ngozi ilainike kabisa, ndipo utie sukari kilo moja. Kosa la pekee linalowapata wengi ni kuharakisha sukari. Ngozi ikikutana na sukari kabla haijalainika hukakamaa, na utaitafuna kwenye mkate kama kipande cha ngozi ya kiatu. Kokwa zitakazobaki zitaelea. Zitoe kwa kijiko.

Miezi mingine yote, chaguo letu ni mapera. Yanapatikana kwa bei ndogo, mara nyingi ni ya uani kwa mtu, na yanasamehe makosa kuliko tunda lolote jingine la pwani. Kwa jamu ya kujaza chupa 4 za gramu 370 hivi, chukua kilo moja na nusu ya mapera. Yaoshe, kata ncha zote mbili, toa palipoliwa na wadudu, kisha yakate vipande pamoja na maganda na mbegu. Usimenye. Tia maji robo tatu ya lita, funika, chemsha kwa moto wa wastani dakika 25 hadi 30 mpaka yapondeke kwa mwiko. Yapitishe kwenye chujio la waya ukisukuma kwa mgongo wa kijiko kikubwa. Mbegu za pera ni ngumu kama changarawe na hazilainiki hata uzichemshe kutwa. Pima kilo moja ya rojo uliyopata, rudisha jikoni, tia maji ya ndimu vijiko 3 vya chakula, kisha sukari gramu 900.

Hapo punguza moto mpaka sukari yote iyeyuke. Pitisha mwiko chini ya sufuria: ukisikia mkwaruzo, bado. Ikishayeyuka, ongeza moto, jamu ichemke kwa nguvu dakika 15 hadi 20. Rojo la mapera likikaribia kuiva huruka, na tone la jamu la nyuzi joto 104 za Selsiasi likikuangukia mkononi halifutiki upesi, linang'ang'ania na kuunguza. Tumia sufuria yenye kina ambayo rojo halizidi theluthi yake, mwiko mrefu, na vaa nguo ya mikono mirefu. Watoto wasikae karibu.

Machungwa

Mamaledi ya machungwa, yaani jamu yenye vijiti vya ganda, ni tamu na hudumu vizuri, lakini tunaiweka nafasi ya pili kwa sababu ya muda na mkaa. Faida yake ni kwamba kila kinachotupwa kwenye chungwa ndicho kinachofanya kazi. Chungwa lenye mbegu nyingi, ambalo mlaji analikwepa, mpika mamaledi alikimbilie.

Usiogope ganda la kijani. Chungwa la Muheza huiva likiwa na kijani chake kwa sababu usiku wa pwani haupoi kiasi cha kuligeuza rangi. Angalia uzito wake mkononi na ulionje. Mamaledi yake itakuwa ya rangi ya asali iliyopauka, si ile nyekundu ya dukani, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kwa kilo moja ya machungwa chukua malimau 3 na maji lita 2. Sugua maganda kwa brashi na maji ya moto kidogo, maana ganda utalila. Kata katikati, kamua, weka maji yake kando. Kwangua nyama nyeupe ya ndani, changanya na mbegu zote, za malimau pia, ufunge kwenye kitambaa cheupe cha pamba. Maganda yakate vijiti vyembamba, yaloweke usiku kucha katika zile lita 2 pamoja na kile kifurushi. Asubuhi tia maji ya machungwa na ya malimau, chemsha kwa moto mdogo saa moja na nusu hadi mbili. Chukua kijiti kimoja, kibonyeze kwa vidole viwili: kikisagika, ni tayari. Kisiposagika, endelea, kwa sababu ile ile tuliyoitaja kwenye plamsi.

Sasa toa kifurushi, kiache kipoe kwenye bakuli, ukikamue kwa nguvu juu ya sufuria. Yatatoka maji mazito yanayoteleza kama uji wa bamia. Hayo ndiyo pektini, na asiyekamua mpaka yaishe ameacha nusu ya kazi kitambaani. Ndipo tia sukari kilo moja na robo, iyeyuke, ichemke kwa nguvu dakika 15 hadi 25. Ikiiva, iache itulie dakika 12 hivi nje ya moto kabla ya kujaza chupa, la sivyo maganda yote yatapanda juu na chini kubaki maji ya kugandana tu.

Ukibahatika kupata madanzi, hayo makali ambayo hakuna anayeyala hivi hivi, basi yatumie kuliko chungwa lolote. Mamaledi inayosifika duniani hupikwa kwa machungwa ya jamii hiyo. Pektini yake ni nyingi zaidi na uchungu wake unabeba sukari hadi kilo 2 kwa kilo moja. Limau moja linatosha, na maji ongeza yafike lita 2 na nusu.

Nanasi, embe na mengineyo

Nanasi peke yake halitaki kuganda. Njia mbili zipo. Ya kwanza ni kuchemsha nyama ya nanasi iliyokatwa ndogo sana pamoja na kifurushi cha mbegu na nyama nyeupe za malimau 3. Ya pili, ambayo tunaipenda zaidi, ni kuchanganya: nanasi gramu 700 na rojo la mapera gramu 300, sukari gramu 800, maji ya ndimu vijiko 3. Harufu inabaki ya nanasi, ugumu unatoka kwa mapera. Kata nanasi dogo kuliko unavyodhani, na kiini chake kigumu kikune kabisa. Nyuzi zake hazipungui kwa kuchemka.

Embe huwaponza wengi. Dodo na bolibo zinafaa kuliko maembe ya nyuzi, lakini lililoiva kabisa lina pektini kidogo na uchachu kidogo, kwa hiyo mtu anaendelea kuchemsha akisubiri ligande, sukari inaungua, na ladha ya embe inapotea. Chukua nusu maembe mabivu na nusu yaliyoanza tu kugeuka njano ndani, ukate madogo, utie maji ya ndimu vijiko 4 kwa kilo. Koroga bila kuacha katika dakika 10 za mwisho. Na kubali kwamba jamu ya embe itakuwa laini. Ukiilazimisha iwe ngumu utapata kashata.

Pasheni ni kwa atakayekuwa ameshapika mara kadhaa. Maji yake ni makali, pektini iko kwenye ganda: chemsha maganda matupu dakika 30, kisha kwa kijiko kwangua ile nyama ya ndani iliyolainika na kuvimba, uisage, utupe gamba la nje. Papai na ndizi usianze nazo. Uchachu wake ni mdogo mno, na hapo si suala la kuganda tu, ni la usalama pia, maana kinachozuia vijidudu hatari kwenye chupa iliyofungwa ni uchachu.

Ndimu, limau au pektini ya unga

Watu huvitumia ndimu na limau kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa jamu si kimoja. Ndimu ina maji makali, itumie kwa uchachu. Limau lina ganda nene, nyama nyeupe na mbegu nyingi, litumie kwa pektini. Asidi ya sitriki ya unga nayo ni nzuri: nusu kijiko cha chai inakaimu vijiko 2 vya chakula vya maji ya ndimu, na ukali wake haubadiliki kila ukinunua. Pektini ya unga inafupisha muda wa kuchemsha hadi dakika chache na kulinda ladha ya nanasi na embe, ila inauzwa kwenye maduka machache, na kila aina ina vipimo vyake. Fuata pakiti, usifuate vipimo vya hapa.

Ukiwa na tunda usilolijua, lipime. Chukua kijiko kimoja cha chai cha maji ya tunda lililochemshwa, yakiwa yamepoa na kabla ya sukari, uyatie kwenye vijiko 3 vya spiriti ya kuwashia jiko. Subiri dakika moja. Yakishikamana donge moja, pektini ni nyingi. Yakiwa vidonge viwili vitatu, ni ya wastani. Yakiwa chembechembe, changanya na mapera au malimau. Spiriti ni sumu: usionje, mwaga, osha kijiko.

Kujua kama imeiva

Kipimajoto ndicho kinachosema kweli haraka. Tanga mjini, usawa wa bahari, jamu huiva kwenye nyuzi 104 hadi 105. Lushoto, mita 1,400 hivi juu, maji yenyewe huchemka karibu na nyuzi 95, kwa hiyo jamu huiva kwenye 100. Anayesubiri 105 huko ataiunguza. Kanuni inayofaa popote: pima maji yanayochemka kwako, ongeza nyuzi 4 na nusu.

Kama huna kipimajoto lakini una mzani wa jikoni, huna haja ya kubahatisha. Andika uzito wa sufuria tupu kabla ya kuanza. Gawa gramu za sukari utakazotia kwa 0.6, jibu ndilo uzito wa jamu iliyoiva. Kwa mapera yetu, 900 kwa 0.6 ni gramu 1,500. Sufuria ikiwa na gramu 1,200, basi pamoja na jamu isome 2,700. Weka ubao wa kukatia juu ya mzani kabla ya kutua sufuria ya moto. Njia hii haisemwi sana na inashangaza, kwa sababu inamaliza ubishi wote.

Kipimo cha sahani ya baridi ni kizuri kwa mwenye friji: weka sahani ndogo mbili tatu kwenye jokofu, dondosha jamu, subiri dakika moja, sukuma kwa kidole. Ikikunja uso, imeiva. Epua sufuria wakati unasubiri, la sivyo itapita kiasi huku unaangalia sahani. Bila friji, tone kwenye glasi ya maji ya mtungi: likifika chini likiwa zima, inakaribia, likitawanyika, bado. Hiki ni dhaifu kuliko vyote, maana maji yetu ya joto hudanganya.

Jiko, sufuria na chupa

Gesi inashinda mkaa kwenye jambo moja kubwa, nalo ni kupunguza moto papo hapo sukari inapoyeyuka na kuongeza mara ikishayeyuka. Mkaa unafaa kwa saa mbili za mamaledi kabla ya sukari. Ukipika yote kwa mkaa, uwe na jiko la pili lenye moto mdogo na uhamishe sufuria.

Sufuria iwe nene na pana, ya chuma kisichoshika kutu. Pana, ili maji yatoke upesi. Aluminiamu nyembamba inaunguza katikati, na tunda chachu likilala humo usiku linachukua ladha ya chuma. Maganda ya machungwa yaloweke kwenye bakuli la plastiki au la udongo.

Chupa za glasi zilizotumika zinafaa kama mdomo haujamegeka, ila mifuniko nunua mipya au tumia isiyo na kutu wala harufu ya achari. Chemsha chupa dakika 10, zitoe, zikauke zikiwa bado za moto. Jaza jamu ikiwa ya moto sana, acha nafasi ya nusu sentimita, futa mdomo kwa kitambaa kilichochemshwa, funga, kisha rudisha chupa kwenye sufuria ya maji yanayochemka yaliyozifunika, dakika 10. Chupa ya baridi ukiitia jamu ya moto itapasuka mikononi mwako.

Kwa joto la Tanga chagua chupa ndogo, gramu 200 au 250, hasa kama huna friji. Iliyofungwa inakaa mwaka kwenye kabati lenye giza. Iliyofunguliwa nje ya friji imalizwe ndani ya wiki moja, kijiko kiwe kikavu kila mara, na chupa isimame kwenye sahani yenye maji kuzuia sisimizi. Jamu ya sukari pungufu, chini ya gramu 600 kwa kilo ya tunda, ni ya friji tu. Ukipanga kuuza, pitia ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kwa mafunzo ya usindikaji, na fahamu kuwa tangu 2019 masuala ya usalama wa chakula yako TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

Ikiharibika

Haikuganda baada ya siku mbili (mamaledi huchukua muda huo): rudisha jikoni na vijiko 2 vya maji ya ndimu kwa kila kilo, chemsha kwa nguvu, upime tena. Mara moja inatosha. Ukirudia zaidi pektini yenyewe huvunjika na haitashika kamwe. Ikiwa na chembe za sukari, ama hazikuyeyuka kabla ya kuongeza moto, ama uchachu ulikuwa mdogo. Ikitoa maji juu, uchachu ulizidi au ilitikiswa wakati inaganda. Koroga, uile, haina ubaya. Ikinukia kuungua chini, usikwangue: mimina iliyo juu kwenye sufuria nyingine na uionje kabla ya kuendelea.

Ukungu ni habari nyingine. Usitoe ule wa juu na kula iliyobaki. Tupa chupa nzima, uangalie mfuniko wake, na ukague nyingine zote ulizozijaza siku ile.